Kiharusi: Kumsaidia Baba Kupona si Kumfanyia Kila Kitu

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha utengamao, yaani cha kumsaidia mgonjwa arudishe uwezo wa kujihudumia, kimepokea malalamiko mengi yenye sura mbili. Baadhi ya familia zinasema kwamba mgonjwa wao aliyepooza kwa kiharusi aliruhusiwa kutoka wodini kabla hajaweza kutembea. Nyingine zinasema kwamba zinatoka mbali kumleta kliniki, anafanyishwa mazoezi kwa muda mfupi, kisha anarudi nyumbani akiwa vilevile alivyokuja. Maelezo hayo ni ya kweli na hatuna sababu ya kuyakanusha. Tusichokubaliana nacho ni hitimisho linalofuata, kwamba mgonjwa ametupwa, kwa kuwa linatokana na dhana kwamba kupona kunafanyika hospitalini na nyumbani ni mahali pa kusubiri. Tunaeleza hapa kwa nini mambo ni kinyume, tukimzungumzia hasa baba wa familia, ambaye ndiye mgonjwa tunayeona akikwamishwa zaidi na watu wanaompenda.

Misuli ya mkono uliopooza haikuugua. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo inayouamuru mkono huo, ambayo ilikosa damu baada ya mshipa kuziba au kupasuka. Kwa hiyo kuuchua mkono kwa mafuta asubuhi na jioni, hata kama kunampa mgonjwa faraja, na sisi hatumnyimi mtu faraja, hakufiki mahali penye tatizo, na ingefaa jambo hili lieleweke mara ya kwanza linapoelezwa. Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Zilizobaki hai ndizo zinazojifunza polepole kuibeba kazi ya zile zilizopotea, na hujifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu tendo lilelile, tendo lenye manufaa kwake, mara nyingi mno. Watafiti walioangalia vipindi vya tiba huko Amerika Kaskazini, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba katika kipindi kimoja mgonjwa alifanya mazoezi ya vitendo ya mkono takriban mara 32 kwa wastani, ilhali majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukibadilika yalihitaji marudio ya mamia kwa siku. Hakuna kliniki inayoweza kuziba pengo hilo kwa kumwongezea mgonjwa dakika chache. Kipindi cha kliniki ni cha kupima, kusahihisha na kufundisha, na mazoezi yenyewe hufanyika katika saa zote zilizobaki za wiki.

Kuhusu mwendo wa kupona, tunawaomba wanafamilia wauelewe mapema ili usiwavunje moyo. Nafuu kubwa zaidi huonekana katika miezi 3 ya mwanzo, huendelea kwa kasi inayopungua hadi karibu mwezi wa 6, kisha hubaki kwenye hatua ndogondogo ambazo asiyeishi na mgonjwa huenda asizione. Mara nyingi mguu hutangulia mkono, bega na nyonga hutangulia vidole, na vidole huwa vya mwisho, wakati mwingine visirudi kabisa. Ni katika kipindi hiki cha kasi kupungua ambapo familia nyingi huacha kuja, zikiamini kwamba tiba imefika mwisho wake, na mgonjwa ambaye angeendelea kupata nafuu huanza kupoteza hata kile alichokwisha kukipata, kwa sababu viungo visivyotumika hukakamaa. Kwa upande mwingine, hatuwezi kumwahidi mtu kwamba baba yake atarudi kama alivyokuwa, wala kutaja tarehe, na anayewaahidi tarehe, awe nani, hana msingi wa kufanya hivyo.

Tuje sasa kwenye kosa linalotokana na heshima. Baba aliyezoea kuamua mambo ya nyumba anapokaa kwenye kiti akishindwa kufunga kifungo cha shati, watoto wake huona aibu kumtazama akihangaika, na kabla hajamaliza kujaribu mmoja wao huwa ameshamfungia. Hufanywa hivyo pia kwa kijiko, kikombe, kitasa cha mlango na viatu, hadi ikifika jioni mzee huyo anakuwa amehudumiwa vizuri sana na hajafanya chochote. Tunachoomba ni subira ngumu: mwacheni aanze, msubirini hata kama kifungo kimoja kinachukua dakika nyingi, saidieni ile sehemu tu iliyomshinda, na kesho yake mpunguze msaada huo. Katika kuvaa, mkono uliopooza huingia kwenye nguo kwanza, na katika kuvua, mkono wenye nguvu hutoka kwanza. Kwa utaratibu huo mgonjwa mwenye mkono mmoja unaofanya kazi anaweza kuvaa shati kwa msaada kidogo sana. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wenye nguvu. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia kupanda na mguu dhaifu hutangulia kushuka.

Wapo pia wanaokosea kwa bidii kupita kiasi. Mpira wa kuminya, ambao karibu kila familia hununua kabla ya kuuliza, unazoeza vidole kufumba, wakati wagonjwa wengi hushindwa zaidi kuvifumbua. Hatusemi ni sumu, ila tunasema ulizeni kwanza. Bega la upande uliopooza hubaki likiwa limelegea, na kumvuta mgonjwa kwa mkono huo ili kumwinua kunaweza kulitegua au kumwachia maumivu ya muda mrefu yatakayomfanya akatae mazoezi yote. Wapo waliotulaumu kwamba siku ya kwanza wodini mgonjwa wao hakusimamishwa mara kwa mara. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa mkazo kuanzia ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupata matokeo mazuri, na wodi inapokwenda taratibu siku hiyo haifanyi uzembe.

Kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo, yaani kiti cha magurudumu, ni miongoni mwa mambo yanayomfanya aanguke nyumbani, na hivyo tunaeleza kwa ukamilifu. Kitimwendo huwekwa upande wenye nguvu wa mgonjwa, kikigusana na kitanda na kikiwa kimeelekezwa mshazari kidogo. Breki zote mbili hufungwa, na sehemu za kuwekea miguu huinuliwa au huondolewa. Mgonjwa husogezwa hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zikiwa zimekanyaga sakafu barabara na viatu visivyoteleza vikiwa mguuni. Msaidizi husimama mbele yake, huzuia goti dhaifu kwa goti lake mwenyewe, hushika mshipi au kiuno na kamwe hashiki kwapa wala mkono, kisha humwambia mgonjwa ainame mbele, na wote wawili huinuka kwa hesabu moja. Mgonjwa akishagusa kiti kwa nyuma ya mapaja ndipo hukalishwa polepole. Yeyote ambaye hajafanya hatua hizi mbele ya mtaalamu asizijaribu peke yake kwa kuzisoma hapa.

Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa angalau kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na ngozi ya kisigino, nyonga na chini ya mgongo hukaguliwa kila siku, kwani wekundu usiotoweka ndio mwanzo wa vidonda vya kulalia. Chakula na maji havitolewi mpaka uwezo wa kumeza uwe umepimwa. Baada ya hapo mgonjwa hula akiwa ameketi wima na hubaki hivyo kwa takriban dakika 30 akishamaliza. Kikohozi wakati wa kunywa maji, au sauti inayogeuka kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, ni sababu ya kusimamisha na kuturudia, kwa sababu chakula kinachoingia mapafuni kinaweza kuleta nimonia.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, na baba anayekataa mazoezi, asiyelala au asiyetaka kuonana na watu huenda ni mgonjwa wa sonona zaidi kuliko kuwa mkaidi. Sonona hiyo ina tiba, lakini hatuwezi kuitibu ikiwa familia inatuficha kwa kuona ni aibu ya mzee. Wengine hulia au hucheka ghafla bila hisia inayolingana, jambo linalotokana na jeraha la ubongo lenyewe. Aliyepoteza maneno, hasa aliyepooza upande wa kulia, mara nyingi anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Mwulizeni maswali ya ndiyo au hapana, mpeni muda wa kujibu, na msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo, wala kusema naye kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga.

Kuhusu dawa za shinikizo la damu tutasema kwa ukali kidogo. Kila wiki tunaambiwa kwamba dawa ziliachwa kwa sababu presha ilikuwa imeshakaa sawa. Ilikaa sawa kwa sababu ya dawa. Karibu kiharusi 1 kati ya 4 humpata mtu aliyekwisha kupata kingine kabla, na kiharusi cha pili kinaweza kufuta kazi yote ya miezi iliyopita. Dawa haiachwi wala kupunguzwa bila maelekezo ya daktari. Uso ukipinda ghafla, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakivurugika, mpelekeni hospitali papo hapo, mkikumbuka saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Msimpe aspirini nyumbani wala kumnywesha kitu: haijulikani bado kama mshipa umeziba au umepasuka.

Kutokana na malalamiko tuliyoyataja, utaratibu wa kitengo umebadilishwa. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, familia itaandikisha mlezi mkuu na mlezi msaidizi, na wote wawili watahudhuria mafunzo ya kumhamisha, kumgeuza na kumlisha mgonjwa, na watasaini fomu kila mmoja kwa jina lake baada ya kuonyesha kwa vitendo. Fomu haisainiwi kwa niaba. Mlezi msaidizi hakuwekwa kama pambo: tunaona mara kwa mara mke au binti mmoja akibeba kazi yote mpaka naye anaumia mgongo na kulazwa, huku ndugu wengine wakipiga simu kuulizia hali. Mgonjwa asiyeweza kufika kliniki siku aliyopangiwa atoe taarifa kabla ya siku hiyo. Akikosa mara 2 mfululizo bila taarifa, nafasi yake hupewa mgonjwa mwingine na yeye huanza upya kwenye foleni, na akikosa mara 3 faili hufungwa na itabidi apate rufaa mpya kutoka kwa daktari. Kitimwendo na vifaa vya kutembelea vya kuazima hurudishwa vikiwa safi katika tarehe iliyoandikwa kwenye stakabadhi, au muda wake huongezwa kwa maombi ya maandishi. Kifaa kisichorudishwa humzuia mgonjwa kuazimwa kingine hadi suala lake liishe, na kumpa mtu mwingine kifaa hicho bila idhini huhesabiwa kuwa upotevu.

Katika mapitio ya baada ya miezi 3 na ya baada ya miezi 6, anayemleta mgonjwa awe ni mlezi anayeishi naye. Aje na dawa zote zikiwa kwenye vifungashio vyake, vipimo vya presha vilivyoandikwa, na daftari la mazoezi linaloonyesha kilichofanyika na kilichoshindikana pia. Malengo ya miezi inayofuata tutamwuliza baba mwenyewe kwanza, na tunaomba aachwe ajibu, hata kama familia ilikuja na orodha yake.