Mtoto wa Muheza na malaria ya mgeni

"Daktari, mimi mtoto wa Muheza. Malaria tumekua nayo." Padre aliyasema haya huku meno yakigongana, na kitanda cha chuma kikilia chini yake kwa kutetemeka. Macho yalishaanza kuwa ya manjano. Mkewe (ni padre wa Anglikana, ana mke na watoto) alisimama pembeni na kanga mbili mkononi, hajui amfunike au amfunue.

Alikuwa mmisionari Birmingham kwa miaka 9, akihudumia parokia ya Waingereza. Karudi likizo mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zimekolea. Akalala kwa mama yake bila chandarua, kwa sababu chandarua kilikuwa kimoja na akakiacha kwa mama. Siku ya 12 homa ikaanza. Akasema ni uchovu wa safari, akameza panado. Alipofika kwetu ilikuwa siku ya nne ya homa.

Kipimo cha haraka kilitoa mistari miwili ndani ya dakika chache. Lakini kile kinakwambia "wapo", hakikwambii "ni wangapi", kwa hiyo nilikwenda mwenyewe maabara kuangalia kwa darubini. Chini ya rangi ya Giemsa, kimelea kichanga cha falsiparamu, aina ya malaria inayoua zaidi, huonekana kama pete nyembamba yenye kito kimoja au viwili. Kwa mkulima wa hapa aliyekuja na homa kama ile, mara nyingi natafuta pete mpaka shingo inauma. Kwa Padre sikutafuta. Chembe nyekundu za damu 6 katika kila 100 zilikuwa na kimelea mpangaji, na baadhi zilikuwa na wawili.

Niliyoyaona ilikuwa malaria ya mgeni kabisa, ndani ya mwili wa mwenyeji.

Watu hudhani kinga ya malaria hukaa kwenye asili, kama rangi ya ngozi. Iko kinga inayorithiwa kweli: mtu aliyepokea vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata ahueni kubwa dhidi ya malaria kali. Lakini kinga wanayojivunia watu wazima wa Muheza ni ya kujifunza. Kimelea cha falsiparamu kikishaingia ndani ya chembe nyekundu hutandaza protini juu ya ngozi yake, na kwa protini hiyo chembe hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, ya figo, popote. Mwili ukianza kuitambua kanzu hiyo, kimelea hubadili kanzu. Mtoto wa huku huzikariri kanzu hizo moja baada ya nyingine, kwa kuumwa na kupona, na wengine hawaponi. Akifika utu uzima anaweza kutembea na vimelea vichache bila hata kichwa kumuuma. Ila hii ni kinga ya kupanga, si ya kununua. Kodi yake ni kuumwa na mbu mwaka hadi mwaka, na Padre alikuwa hajalipa kwa miaka 9. Haifutiki yote, na huenda iliyobaki ndiyo iliyomfikisha kwetu akiwa bado anaongea. Uingereza kwenyewe, wengi wanaogunduliwa na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia nyumbani.

Kanisa lake limefika Muheza kupitia Magila, kituo cha misheni cha jirani, kwa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka vyuo vikuu vya Uingereza, na hao malaria iliwatafuna tangu mwanzo. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alipoteza dawa zake mtumbwi ulipopinduka, akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862 karibu na mahali mto Ruo unapoingia mto Shire, upande wa Malawi ya leo. Alikuwa na miaka 36. Kabla yao, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine akiwa mjamzito. Julai mwaka huohuo Rosine akafa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kichanga kikamfuata. Nikisoma habari ile naiona kama faili la wodini: mgeni asiye na kinga, na juu yake mimba. Kondo la nyuma huwapa vimelea mahali papya pa kunata, kwa kanzu ambayo hata mwanamke mwenyeji huwa hajakutana nayo kabla ya mimba ya kwanza. Kwinini ilikuwa imeshatambuliwa tangu 1820. Kwamba mbu ndiye msafirishaji, hilo lilisubiri hadi Ronald Ross mwaka 1897.

Padre hakupewa kwinini. Tulimpa artesuneti ya mshipa: alipofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, kisha dawa mseto ya vidonge kwa siku tatu. Dawa hii ina deni na Muheza. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Nilimsimulia Padre siku ya tatu, alipoanza kuomba uji.

Nilimwonya pia kuhusu jambo ambalo wengi huruhusiwa bila kuambiwa: wiki moja hadi tatu baada ya artesuneti, hasa kwa aliyekuwa na vimelea vingi, kiwango cha damu mwilini kinaweza kushuka ghafla wakati mtu anajiona mzima. Basi arudi kupima kila wiki, mpaka wiki nne zitimie.

Siku ya 14 akarudi. Damu ilishuka kidogo, si ya kuongezewa. Akatoa simu, akanionyesha picha ya wanawe wawili waliozaliwa Birmingham, wanakuja Desemba. Nikamwandikia vidonge vya kinga: waanze siku moja au mbili kabla ya safari, kila siku wakiwa huku, waendelee siku 7 baada ya kurudi.

"Kwani hawa si watoto wa Muheza?"

"Bibi yao ndiye wa Muheza, Padre. Hawa ni wa Birmingham."

Akacheka, akakunja cheti na kukitia ndani ya kitabu cha sala.