Mafuriko ya mpasuko wa barafu: maji yaliyopita husomwaje?

Mto Mirongo ukifurika kisha ukashuka, mtu wa Mwanza haulizi maji yalifika wapi. Anatazama mstari wa tope ukutani. Wanaochunguza mafuriko ya kale hufanya kazi hiyohiyo, ila ukuta wao ni mlima na tope lao lina miaka maelfu.

Mafuriko ya mpasuko wa barafu hutokea pale barafu nene inapoziba bonde na maji yakajikusanya nyuma yake hadi kuwa ziwa. Barafu huelea, kwa hiyo maji yakipanda vya kutosha hupenya chini ya kizuizi hicho, na ziwa zima linaweza kuondoka kwa siku chache tu.

Ziwa linalojulikana zaidi kwa hilo ni Missoula, lililokuwa Montana, Marekani, mwishoni mwa enzi ya barafu. Lilibeba zaidi ya kilomita za ujazo 2,000 za maji. Ziwa Viktoria lina takriban 2,700, lakini limetandaa: kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 80, wakati Missoula ilifika mita 600 hivi penye kizuizi. Na katika kipindi hichohicho, kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, ziwa letu lilikauka! Matope yaliyochimbwa sakafuni mwake yana tabaka la udongo wa nchi kavu wenye mizizi.

Mwaka 1923 mwanajiolojia J Harlen Bretz alianza kuandika juu ya makorongo makavu ya jimbo la Washington, yaliyochongwa kwenye mwamba mgumu wa volkano, yenye maporomoko yasiyo na mto. Alisema ni kazi ya mafuriko makubwa. Wenzake walimkatalia kwa miaka, maana hakuweza kuonyesha maji yalitoka wapi. Mwaka 1942 mwanajiolojia mwingine, Joseph Pardee, alieleza matuta ya kokoto kwenye sakafu ya ziwa Missoula. Ni kama vile vikunjo vya mchanga unavyovikanyaga mwaloni penye maji ya magotini, ila haya yana urefu wa mita kadhaa kwenda juu. Maji yaliyotulia hayawezi kuyajenga; basi ziwa hilo liliondoka ghafla, na huko ndiko maji ya Bretz yalikotoka. Bretz alipewa medali ya Penrose, tuzo kubwa ya wanajiolojia wa Marekani, mwaka 1979, akiwa amepita miaka 95.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni tope laini la mabonde ya pembeni, ambako maji yalirudi nyuma na kutulia. Karibu na Walla Walla, jimboni Washington, yamehesabiwa matabaka kama 40, na kati ya mawili kuna majivu ya volkano ya Mount St. Helens yaliyotua juu ya ardhi kavu. Basi maji yalikuja, yakaondoka, yakarudi tena, mara nyingi.

Mawe nayo husema, lakini kwa tahadhari. Wageni huona Jiwe la Bismarck la Mwanza wakadhani lililetwa na maji. Hapana, ni matale (graniti) ileile iliyo chini yake, iliyooza kwenye nyufa, udongo ukasombwa, mawe yakabaki yamepandana. Jiwe la mafuriko ni mgeni mahali lilipo. Katika bonde la Willamette, Oregon, kuna mawe ya matale ambayo mwamba wake mama uko mamia ya kilomita mbali. Yalisafiri yameganda ndani ya vipande vya barafu vilivyoelea, barafu ikayeyuka, yakaachwa mteremkoni. Lile lililokaa juu kuliko yote ndilo linaloonyesha maji yalipanda angalau mpaka wapi.