Kwa nini tovuti hudhani uko Dar es Salaam ilhali uko Mwanza?

Uko Mwanza, unafungua tovuti ya hali ya hewa kwenye simu, nayo inakuletea joto la Dar es Salaam. Wengi hudhani mitambo imekosea kusoma anwani ya IP, ile namba inayoambatana na kila ombi la intaneti, kana kwamba ndani ya tarakimu zake mna mkoa, wilaya na mtaa. Hamna. Namba hiyo haikutungwa kueleza mahali, na hakuna mtaalamu awezaye kuikamua itaje mlango wa nyumba yako.

Ni kama S.L.P. Ukiona bahasha imeandikwa sanduku la Mwanza, unajua posta ilipo, hujui mwenye barua analala wapi. Anaweza kuwa anaishi Magu na hupita mjini mara moja kwa wiki. Shule nzima inaweza kutumia sanduku moja, na karani wa posta asijue barua ni ya mwanafunzi yupi. Hilo analijua mwenye daftari la shule. Intaneti ya simu iko hivyo hivyo. Anwani za IP za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ombi lako husafiri ndani ya mtandao wa kampuni hadi kwenye lango lake, na lango likiwa Dar es Salaam, tovuti huiona Dar es Salaam. Daftari la nani alitumia anwani saa ngapi hubaki kwa kampuni.

Hata hiyo Dar es Salaam hujulikana kwa kukisia. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, huandika fungu lipi limepewa kampuni gani ya nchi gani. Watengenezaji wa kanzidata zinazooanisha anwani na mahali huanzia hapo, kisha huongeza taarifa za wenye mitandao na, wengine, vipimo vya muda ambao ujumbe huchukua kwenda kwenye anwani na kurudi. Kipimo cha muda ndicho kitamu zaidi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila milisekunde ya kwenda na kurudi haiwezi kuzidi umbali wa kilomita 100. Seva ya Nairobi ikijibiwa ndani ya milisekunde 4, aliyejibu hayuko Mombasa, iliyo umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 400. Lakini jibu likichelewa halithibitishi kitu: huenda kebo imezunguka, huenda njia ina foleni. Tena anayejibu mara nyingi ni lango, si simu yako.

(Programu ya teksi inayojua hadi kona uliyosimama haitegemei haya. Hiyo inatumia GPS na Wi-Fi za jirani, baada ya wewe kubonyeza “ruhusu”.)

Kisa kinachoonyesha vizuri ukisiaji huu kilitokea Marekani. Kampuni ya MaxMind, mtengenezaji wa kanzidata ya aina hiyo, ilipojua tu kwamba anwani fulani ni ya Marekani, iliiwekea nukta moja karibu na katikati ya nchi: latitudo 38 kaskazini, longitudo 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia kwenye shamba karibu na Potwin, Kansas. Anwani zaidi ya milioni 600 zikawa “zinaishi” hapo, na kwa miaka polisi, maafisa wa kodi na watu waliotapeliwa walifika kuwatafuta wahalifu ambao wenyeji hawakuwajua. Mambo yalipofichuliwa mwaka 2016, kampuni iliihamishia nukta ziwani, magharibi ya Wichita.

Siku hizi kanzidata ya MaxMind huambatanisha kila nukta na kipimo cha makosa kwa kilomita. Programu inayochora pini peke yake hukiacha.