Gia namba moja siyo "gia ya kulimia"

Madereva wengi wa trekta kuukuu, hasa Massey Ferguson 135, hufundishwa kwamba kulima ni gia namba moja, basi. Eti gia ndogo huilinda mashine.

Si kweli. Gia ndogo huzidisha nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na ekseli. Plau, yaani jembe la trekta, ikinasa kwenye kisiki, injini haizimi: ama matairi yateleze na kuisha, ama meno ya gia yabebe mzigo wote. Tena kwa mwendo wa konokono udongo haupinduki vizuri. Magugu hubaki yamesimama.

135 yenye gia sita ina tatu za chini (za mwendo wa polepole) na tatu za juu (za mwendo wa kasi). Kwa udongo wa kawaida jaribu ya pili au ya tatu ya chini (ya tatu hukaribia kilomita 5 kwa saa), injini ikinguruma bila kukohoa. Ikilemewa, punguza kina cha plau kwanza.

Na tafadhali, chagua gia trekta ikiwa imesimama, kisha ondoa mguu kabisa kwenye klachi. Mguu unaopumzika pale unaila sahani ya klachi kimyakimya.