Spiriti haisafishwi kwa kuongeza moto

Kwenye viwanda vinavyotengeneza spiriti kutokana na molasi, yaani masalia mazito ya utengenezaji wa sukari, kama kile cha Muhoroni huko Kenya au cha Kilombero hapa kwetu Tanzania, kinachoonekana kwa mbali ni minara. Ndani yake hamna moto wala kitu chochote kinachozunguka. Kuna trei za chuma zenye matundu, zimepangwa moja juu ya nyingine, basi. Mimi ni mhandisi wa kemikali na minara hii ndiyo kazi yangu. Jambo ninaloelezea kila mara, hata kwa mafundi wazoefu, ni kwamba usafi wa spiriti hautokani na moto mkali. Unatokana na kurudisha chini sehemu ya kile ambacho umeshakipata.

Molasi ikichachushwa kwa hamira hutoa pombe yenye alkoholi kama asilimia 8 hadi 10 ya ujazo. Shuleni tulifundishwa kwamba ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, na wengi wakaondoka wakidhani kwamba ikifika 78 ethanoli inatoka yote na maji yanabaki. Sivyo. Pombe ile huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na mvuke wake una vyote viwili, ila ukiupoza utakuta alkoholi imekaribia nusu. Mpika gongo analijua hili: akitaka kali zaidi, anapika tena kile alichokinga, na kila akirudia anateketeza kuni upya.

Mnara ni marudio hayo yote kwa kuchemsha mara moja tu. Mvuke unaopanda hupenya matundu ya trei na kububujika ndani ya kimiminika kilicho juu yake. Hapo maji mengi yaliyomo kwenye mvuke hurudi kuwa kimiminika, na joto yanayoliachia linachemsha ethanoli iliyokuwa kwenye trei, ambayo nayo inapanda. Trei inayofuata inafanya vilevile. Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa wa ushuru huko Ayalandi, alipewa hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1830, na wazo la msingi ni lile lile hadi leo.

Lakini kimiminika cha kwenye trei za juu kinatoka wapi? Pombe changa huingilia chini yao na kuteremka. Juu ya hapo hakuna kingine isipokuwa unachokirudisha mwenyewe: mvuke wa kileleni unapozwa kwenye kondensa, sehemu inakwenda tangini na sehemu inarudi mnarani. Hiyo ndiyo rifluksi. Ukiifunga, trei za juu zinakauka na mnara wa mamilioni unageuka bomba refu. Ukirudisha kila kitu, unapata usafi wa juu kabisa ambao trei zako zinaweza kutoa, ila tangini haiingii hata lita moja. Mhandisi na mhasibu hugombania eneo lililo kati ya hapo, maana kila lita inayorudi itahitaji stimu ya kuigeuza mvuke tena.

Kuongeza stimu bila kuongeza rifluksi kunapandisha maji. Ikizidi mno, mvuke unabeba kimiminika juu na trei zinafurika. Utaona tofauti ya presha kati ya chini na juu inaruka. Ikipungua mno, kimiminika kinachuruzika kwenye matundu. Usitegemee kipimajoto cha kileleni kukuonya mapema. Kati ya spiriti ya asilimia 90 na ya 95, joto la kuchemka halitofautiani hata nyuzi moja. Tazama trei za chini zaidi, pale joto linapobadilika kwa kasi. Huko ndiko habari inakofika kwanza.

Kisha kuna mafuta ya fuseli, yaani alkoholi nzito zenye harufu kali. Haya yana tabia ninayoipenda: penye maji mengi yanapanda upesi kuliko ethanoli, penye ethanoli nyingi yanashindwa kupanda. Kwa hiyo hujikusanya katikati ya mnara, na yasipotolewa kwa bomba la pembeni yanarundikana mpaka yanaharibu spiriti.

Hata ukiyafanya yote sawasawa, utakwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, nyuzi 78.2. Hapo mvuke na kimiminika vina uwiano uleule, na hata trei elfu moja hazitasaidia. Kwa vinywaji na dawa za kutakasa mikono inatosha. Ethanoli ya kuchanganywa na petroli lazima ikaushwe, na hapo mvuke hupitishwa kwenye punje za zeolaiti, aina ya madini yenye vitundu vidogo mno, hapa vya angstromu 3 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita): molekuli ya maji inaingia, ya ethanoli haienei. Punje zikijaa maji nazo hukaushwa, ndiyo maana vyombo vyake hufungwa viwili, kimoja kikifanya kazi kingine kinakaushwa.