Hatua ishirini kwa ishirini siyo upimaji, jamani

Nimepigiwa simu tena. "Sevea, njoo unionyeshe mipaka tu, kiwanja kimeshapimwa, kina bikoni kabisa." Sevea ni mimi, mpima ardhi, na bikoni ni yale mawe ya mpaka. Mtu akiniambia kimepimwa mimi naulizaga kitu kimoja, namba ya kiwanja na kitalu ni ngapi? Kimya. Halafu anasema namba bado haijatoka ila siku wanapima mwenyekiti alikuwepo, na dalali alikuwa na futi ndefu ile ya kuvuta. Sasa leo naandika ili akinipigia mwingine nimtumie hii na mimi nikale chakula changu.

Futi ya dalali inakwambia ukubwa, basi. Tena ukiwa na bahati ni futi, maana huku pembezoni mwa Dar viwanja vinauzwa kwa hatua, hatua ishirini kwa ishirini, na hatua anapiga muuzaji mwenyewe, na sijawahi kumuona muuzaji mwenye miguu mirefu. Ukitegemea mita za mraba 400 ukaja kupata 280 usishangae.

Kiwanja kilichopimwa ni kile ambacho kwanza eneo lake lina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, yaani kuna mtu ameshakaa akaamua hapa nyumba, hapa barabara, hapa shule, halafu ndo sevea anakwenda kuhamishia ule mchoro ardhini kwa bikoni, anatengeneza ramani ya upimaji, ramani inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani pale wizarani na inasajiliwa inapata namba yake. Kabla ya hiyo namba hujapimiwa, umechorewa. Na hata ukiipata bado huna hati, kupimwa ni jambo moja na kumilikishwa ni jingine, kuna watu wamekaa miaka na kiwanja kilichopimwa vizuri kabisa na hawajawahi kwenda kuomba kumilikishwa.

Kwa hiyo ukiambiwa "hati iko kwenye mchakato" (nikianza kutoza hela kila ninapoisikia hii nitaacha kazi) uliza mchakato umefika wapi. Mchoro umeidhinishwa? Ramani ina namba ya usajili? Maombi ya kumilikishwa yako kwa jina la nani? Anayejua atakujibu hapohapo, na asiyejua ataanza kukwambia habari za mwekezaji anayejenga kiwanda hapo jirani.

Turudi kwenye bikoni maana hapa ndo watu wanapigwa. Bikoni siyo uthibitisho wa kitu chochote kama haipo kwenye ramani. Kuna saiti moja njia ya Chanika nilikuta mawe manne mazuri mno, zege limemwagwa kwenye kopo la rangi mpaka michirizi ya kopo inaonekana, katikati nondo, juu mtu kaandika B1 mpaka B4 kwa msumari zege likiwa bichi. Mnunuzi alikuwa ameyapiga picha kumtumia mke wake. Bikoni ya kweli ina herufi na namba zake, na hizo namba unazikuta kwenye ramani iliyosajiliwa pamoja na koodineti zake, yaani tarakimu zinazoonyesha jiwe liko wapi hasa, ukikuta kila kiwanja cha eneo zima kina B1 mpaka B4 ujue hapo kafanya kazi fundi ujenzi.

Na nyie mnaochukua koodineti kwenye ramani mnaziingiza kwenye simu halafu mnanipigia usiku mnalia kwamba kiwanja kiko kwenye bwawa la jirani, tulieni. Ramani zetu nyingi zimetumia mfumo wa koodineti unaoitwa Arc 1960, simu yako inatumia mwingine, WGS84, na ukizichanganya bila kubadilisha kiwanja kinahama karibu mita 300. Hujaibiwa. Tena hata ukibadilisha, GPS ya simu inakosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha mita 20 hizo mita kadhaa ni chumba na sebule.

Haya, haraka haraka mengine. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa mauziano. Muhuri wake unaonyesha mliuziana mbele yake, hauumbi umiliki, hiyo "hati ya serikali ya mtaa" mnayotangaziwa ni mkataba wa mauziano wenye muhuri. Kijijini ni habari nyingine, kule Halmashauri ya Kijiji ina mamlaka yake kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ndiyo inayotoa hakimiliki ya kimila, ila ni halmashauri, siyo mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Hati ya milele haipo Tanzania, ilifutwa 1963, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini na wewe unapewa miaka 33, 66 au 99 na masharti juu. Ile kodi inayokatwa kwenye LUKU ya umeme ni ya jengo, kodi ya pango la ardhi ni nyingine na unadaiwa kila mwaka hata kama pana nyasi tupu. Hati ukionyeshwa usiishie kuipapasa, nenda kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio. Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenza asaini. Mume akikwambia mama watoto yuko safari, msubiri arudi.

Sasa niseme na ya kwetu. Darasani tulifundishwa ramani ikishasajiliwa mjadala umeisha. Saiti siyo hivyo. Nimekuta ramani mbili zote zimesajiliwa na zinapandiana, kwa sababu wapimaji walianzia alama za msingi tofauti, au alama yenyewe ilishang'olewa na greda la barabara na mtu akairudishia kwa kukisia. Nani kakosea? Mara nyingine sijui kabisa, na kinachoamua mwishoni siyo mashine yangu, ni mzee jirani anayekumbuka mnazi ulikuwa wapi.

Na ushauri wa "usinunue pasipopimwa" naona aibu kuutoa kwa mtu mwenye milioni tatu. Anunue wapi? Nusu ya mji imejengwa hivyohivyo na urasimishaji, yaani kupimiwa na kumilikishwa watu walioshajenga, unaifuata nyuma, na kwenye urasimishaji wenyewe kuna mitaa imechangishwa hela na ramani mpaka leo hakuna. Huyo namwambia hivi, kabla ya hela nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri na koodineti za eneo lako, waulize hapo pamepangwa nini, maana ukikuta pamepangwa shule au kituo cha afya mauziano yako hayatakusaidia. Pima mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu au ya mkoa, na 60 kutoka mto au ufukwe, ndani ya hapo ni hifadhi, usinunue. Kisha zunguka mipaka na majirani wote, siyo wawili waliopatikana, waandike majina na wasaini kwenye mkataba na mchoro wenye vipimo. Na futi shika wewe.