Safari ndefu za Elite Dangerous: yanayosemwa na hali ilivyo

Mchezaji mpya wa Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kuendesha chombo cha angani, akitamka tu kwamba anataka kutoka kwenye Bubble, yaani lile eneo linalokaliwa na watu kuzunguka Jua letu, hakosi washauri. Huyu atamwambia huko nje hakuna cha kuona. Yule atamwambia asubiri kwanza awe na chombo cha mamilioni. Wa tatu atamtisha kwa maharamia. Nami niliyasikia hayo yote, na kwa kuyaamini niliahirisha kwa miezi safari ambayo ningeweza kuianza wiki yangu ya kwanza. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika, moja baada ya jingine, pamoja na ninayoyajua baada ya kwenda na kurudi.

"Nyota ni zile zile, zinajirudia tu"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu humfanya mtu afike mahali asitazame.

Galaksi ya Elite Dangerous ni Njia Nyeupe yetu kwa ukubwa wake halisi, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Takriban 160,000 kati ya hiyo imechukuliwa kwenye orodha za wanaastronomia. Iliyobaki hutengenezwa na programu ya Frontier Developments, kampuni iliyotengeneza mchezo huu, iitwayo Stellar Forge. Watu wakisikia "hutengenezwa na programu" hudhani ni kete zinarushwa na sayari inatokea. Sivyo. Stellar Forge huanza na kiasi cha maada kilichopo sehemu hiyo ya galaksi, umri wake na kemikali zake, kisha hukokotoa nyota gani zingezaliwa hapo, sayari gani zingejikusanya pembeni yake, ipi ingeganda na ipi ingepokonywa hewa yake. Ukikuta sayari ya maji inazunguka nyota ya njano, ipo pale kwa sababu ya umbali, joto na uzito.

Februari 2017 wanaastronomia walitangaza kwamba TRAPPIST-1, nyota ndogo hafifu iliyo miaka nuru kama 40 kutoka hapa, ina sayari saba zinazokaribia ukubwa wa Dunia. Frontier walipofungua ramani yao, walikuta Stellar Forge ilikwishaweka karibu na mahali hapo kibete kahawia, yaani nyota iliyoshindwa kuwaka, chenye sayari saba za miamba. Wakaurekebisha kidogo mfumo huo na kuupa jina la TRAPPIST-1. Mimi nikisoma habari kama hiyo siwezi tena kuita galaksi hii bahati nasibu.

Hata majina yale yanayoonekana kama herufi zilizomwagika yana maana. Chukua Eol Prou RS-T d3-94, mfumo ambao leo tunauita Colonia, makazi ya watu yaliyo mbali na Bubble. Ile herufi ndogo ya d inaeleza uzito wa mfumo. Herufi hizo huanzia a, kwenye vibete vyekundu na kahawia, hadi h, kwenye mifumo mizito ambako mashimo meusi si jambo la kushangaza. Anayetafuta sayari zinazofanana na Dunia huchungulia sana d. Ukishajua kulisoma jina, unaanza kuiwinda galaksi badala ya kuizurura.

"Kila kitu kimeshagunduliwa"

Mchezo ulitoka Desemba 2014, na mpaka leo wachezaji wote kwa pamoja hawajafikia hata asilimia 1 ya mifumo iliyopo. Dhana hii inatokana na njia tunazopita. Karibu kila mtu hufuata barabara ile ile: Bubble hadi Colonia, miaka nuru 22,000 hivi, au Bubble hadi Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, kama 25,900. Kwenye barabara hizo utakuta majina ya watu kwenye kila nyota. Panda au shuka miaka nuru mia chache kutoka kwenye bapa la galaksi, halafu endelea na safari yako upande huohuo. Majina yatapungua, kisha yatakwisha kabisa.

Ndani ya dhana hiyo kuna nyingine: kwamba ukifika wa kwanza, nyota inapata jina lako. Nyota haibadiliki jina. Kinachoandikwa ni kwamba wewe ndiye mgunduzi wake, na hakiandikwi kwa kufika. Huandikwa ukishauza data kwa Universal Cartographics, ofisi ya vituoni inayonunua data za wagunduzi. Anaweza mtu kuwa alipita pale miaka mitatu kabla yako, akafa na data yake yote, na kumbukumbu ikabaki tupu. Vilevile kuigundua sayari ni jambo moja, kuirushia vichunguzi na kuichora ramani ni la pili, na kuikanyaga kwa mguu ni la tatu, na kila moja lina sifa yake. Mara kadhaa nimekuta sayari nzuri iliyogunduliwa na mtu aliyekuwa na haraka, nikaichora mimi.

"Bila Anaconda usitoke"

Anaconda, chombo kikubwa, hugharimu kredi milioni 147 hivi, pamoja na vifaa vyake vya mwanzo. Diamondback Explorer haifiki milioni 2, na imeshavuka galaksi mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Haichemki ovyo karibu na nyota, na inatua mahali pembamba ambapo Anaconda haiingii.

Kinachokupeleka mbali ni wepesi. Vifaa hupangwa kwa herufi kuanzia E hadi A. A ndiyo yenye nguvu, lakini D ndiyo nyepesi kuliko zote. Basi injini ya kuruka kutoka mfumo hadi mfumo na kichotea mafuta, kifaa kinachovuta mafuta kutoka kwenye nyota, viwe vya A, na karibu kila kilichobaki kiwe D. Silaha ziache nyumbani. Ngao ndogo ichukue, nitaeleza sababu.

"Maharamia watakumaliza"

Maharamia hukaa palipo na mizigo na watu. Ukishatoka miaka nuru elfu kadhaa hutakutana na yeyote, na ukitaka kuwa na hakika zaidi unaweza kucheza peke yako kabisa, galaksi ikabaki ile ile. Kinachowaua wasafiri ni vitu vinne: mafuta, joto, mvuto na uchovu.

Kuhusu mafuta, si kila nyota inachoteka. Zinazochoteka ni za madaraja ya O, B, A, F, G, K na M pekee. Vibete kahawia, yaani L, T na Y, havina kitu. Nyota changa za T Tauri nazo hazina, na hizo hudanganya zaidi kwa sababu kwa macho zinafanana na nyota ya kawaida. Ramani ya galaksi ina kichujio cha madaraja ya nyota, na kinaweza kutumika kwenye upangaji wa njia. Weka alama kwenye madaraja hayo saba, uiambie ramani ifuate kichujio. Ni kazi ya nusu dakika.

Joto huja wakati wa kuchota. Unaisogelea nyota huku umeiweka ubavuni, unaangalia namba ya joto ikipanda. Ikipita 100 vifaa vinaanza kuungua. Mwenye haraka huingia ndani sana, na ndipo kosa linapotokea.

Lakini mvuto ndio ninaouogopa kuliko vyote, maana hauonekani. Sayari yenye mvuto mara tatu ya Dunia inaonekana kwenye kioo sawasawa na mwezi mdogo mwepesi. Nakumbuka uwanda mmoja wa miamba ya kahawia, jua likiwa chini, vivuli virefu. Nilikuwa nimesafiri wiki nzima bila kutua, na nilishuka kama ninavyoshuka siku zote, pua chini, nikitarajia kuinyanyua mwishoni. Niliinyanyua, lakini chombo kiliendelea kushuka. Injini za chini zilikuwa zinapiga kelele kwa nguvu zote na namba ya umbali inakimbia: 400, 250, 90. Ngao ilipasuka kwenye jiwe, bodi ikabaki na asilimia 61. Bila ile ngao ndogo data ya wiki nzima ingepotea pale. Tangu siku hiyo nasoma kiwango cha mvuto kwenye ramani ya mfumo kabla sijageuza pua, na nikishuka kwenye mvuto mkubwa naweka chombo bapa tangu juu, naachia kidogo kidogo, sikaribii kabisa kitufe cha kuongeza kasi.

Uchovu hauna maelezo marefu. Mruko wa mia mbili unafanana na wa mia moja tisini na tisa, mkono unabonyeza wenyewe, na nyota ya mruko unaofuata iko mbele ya pua yako. Nikianza kubonyeza bila kutazama, nafunga kompyuta.

"Shimo jeusi litakumeza"

Hili lina mizizi nje ya mchezo pia. Shimo jeusi halivuti kama mdomo wenye kiu. Jua letu lingebadilishwa leo na shimo jeusi lenye uzito ule ule, Dunia ingeendelea kuzunguka kwenye njia yake ile ile, ila gizani. Sagittarius A* ina uzito wa majua takriban milioni nne, na ndani ya mchezo unaweza kuikaribia kwa utulivu, ukaona nyota zilizo nyuma yake zikipinda na kujitandaza kama mafuta juu ya maji. Ukisogea kupita kiasi, chombo hutolewa tu kwenye mwendo wa kasi, ule wa kusafiria ndani ya mfumo. Ninaloliogopa mimi ni kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyokufa. Mikia yake ya gesi ni mifupi, nyota yenyewe inachoma, na eneo lisiloruhusiwa ni pana, hivyo nafasi ya kupita ni finyu.

"Nyota za nyutroni ni za wenye wazimu"

Wengine husema kinyume chake, kwamba ndiyo njia pekee ya maana. Wote wawili wanazidisha. Ukipita ndani ya mkia wa nyota ya nyutroni, mabaki mazito ya nyota iliyolipuka, injini ya kuruka hujazwa nguvu, na mruko mmoja unaofuata huwa mara nne ya kawaida. Kibete cheupe hukupa mara moja na nusu tu, na ndiyo maana sijisumbui nacho.

Namna ya kupita ni hii. Unafika, nyota yenyewe ni nukta ya samawati, na mikia miwili inazunguka kama taa ya mnara. Usielekee kwenye nukta. Zunguka mbali, tafuta ncha ya mkia, punguza kasi mpaka mshale wa kipimo cha kasi uwe kwenye eneo la samawati, halafu ingia kwa ubavu huku pua ikitazama nje, mbali na nyota. Chombo kitaanza kutupwa huku na huku. Usishindane nacho, kisahihishe taratibu tu. Ujumbe ukitokea kwamba injini imejazwa, nyoosha na utoke. Kinachoua ni kuisogelea nyota hadi utolewe kwenye mwendo wa kasi ukiwa ndani ya mkia. Hapo chombo huzungushwa ovyo na vifaa huharibika haraka.

Kila ujazo huila injini kidogo, kwa hiyo beba mtambo wa kutengeneza vifaa. Nyota hizo pia hazichoteki mafuta. Kwa anayewahi mahali zinafaa sana. Kwa anayetaka kuona, zinamrusha juu ya mamia ya mifumo ambayo hakuna aliyewahi kuitazama.

"Mafuta yakiisha, safari imeisha"

Tangu 2015 kuna kikundi cha wachezaji wanaojitolea, Fuel Rats, ambao kazi yao ni kumfuata aliyekwama na kumpelekea mafuta, bila malipo. Ukikwama, zima kila kifaa isipokuwa cha kukupa hewa. Ukiona hewa ya dharura imeanza kuhesabu, toka mara moja hadi kwenye menyu kuu, kisha ndipo uwaite. Ukiwa mbali sana itawachukua siku kadhaa kukufikia, lakini watakuja. Ninawaheshimu watu hawa kwa dhati.

"Hakuna fedha huko"

Labda zamani. Tangu Odyssey, nyongeza ya mchezo huu, ilipotoka Mei 2021, mtu anaweza kutua kwenye sayari zenye hewa nyembamba, akatembea na kuchukua sampuli za viumbe. Kila aina huhitaji sampuli tatu, kila moja mbali na nyingine. Stratum Tectonicas, kwa mfano, hutaka umbali wa mita 500, na hulipwa kredi 19,010,800. Ukiwa wa kwanza kuiandikisha kwenye sayari hiyo, unapata mara tano yake: 95,054,000. Kwa sampuli tatu za sayari moja unaweza kununua Diamondback Explorer zaidi ya arobaini.

Muda nao hutiwa chumvi. Kwa miruko ya miaka nuru 50, Sagittarius A* iko kama miruko 520, na mruko mmoja ni kama dakika moja. Beagle Point, upande wa pili wa galaksi, iko miaka nuru 65,279, kwa hiyo hesabu miruko 1,300 na kitu. Kila unaposimama kutazama kitu, muda unaongezeka, nami husimama sana.

"Hatari imekwisha ukikaribia nyumbani"

Kinyume chake kabisa. Chombo kikiharibika, data yote ambayo hujauza inapotea, na Bubble ndiko waliko maharamia na wachezaji wanaowavizia wanaorudi na bodi mbovu na bila silaha. Watu wamepoteza miezi ya kazi wakiwa miruko mitatu tu kutoka kituoni. Mimi siku hizi huuza njiani. Mwaka 2019 wachezaji zaidi ya 13,000 walijiandikisha kwenye safari ya pamoja iliyoitwa Distant Worlds 2, na kazi yao ndiyo iliyosababisha kujengwa kwa kituo cha Explorer's Anchorage karibu na Sagittarius A*. Natua pale, nauza kila nilichobeba, natengeneza bodi, kisha naianza njia ya kurudi nikiwa sina cha kupoteza isipokuwa chombo chenyewe.